Benchi la Nyuma

Kila Jumapili Valary aliamka kabla ya kuitwa. Aliteka maji, akakoka moto, akapika uji wa wimbi, kisha akapaka viatu vya Dani mafuta ya kupikia, maana rangi ya viatu ilikwisha tangu Pasaka. Dani ndilo jina ambalo Wajaluo humwitia bibi, na Dani huyu aliitwa Phelesia. Waliishi wawili tu, mwendo mfupi kutoka barabara ya Rangwe. Baba yake Valary alikufa zamani. Mama yake, Linet, aliuza mitumba Migori na kuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Baada ya uji walikwenda kwenye kigango, kanisa dogo la mabati ambalo padre alilifikia Jumapili moja kati ya nne. Siku nyingine ibada iliongozwa na Katekista Nicholas, mzee mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Watu walimwita Japuonj, yaani mwalimu. Dani hakukaa na wanawake wenzake. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia na vijana waliochelewa kuamka.

Padre alipokuja na wakati wa Komunyo ukafika, watu walipanga foleni kwenda mbele. Dani hakupanga. Alishika rozari yake na kuvitazama viatu vyake mpaka foleni ikaisha.

"Dani, mbona wewe huendi mbele?" Valary alimuuliza siku moja njiani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na swali hilo lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu.

"Kwa sababu niliolewa nyachira," Dani alijibu. "Mke wa pili. Nilipokuwa msichana kule Asumbi, masista walinifundisha kusoma, kushona na kusali. Nilipokea Komunyo ya kwanza nikiwa na gauni jeupe la kuazima. Halafu baba yangu akanipeleka kwa Odhiambo, babu yako, ambaye alikuwa na mke tayari. Padre wa wakati ule akaniambia, kanisani utaingia, lakini mezani hutakaa."

"Lakini si wewe uliyejioza!"

"Nani aliuliza?" Dani alicheka kicheko kikavu. "Baba yako mkubwa, Walter, alikua akiniona pale nyuma. Alipopata akili zake akaenda kwa Wasabato. Shangazi yako Priscah akaenda kwa watu wa Roho, akavaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Wamisionari waligawana vilima vyetu kama watu wanaogawana nyama. Wasabato wakashika Gendia, kule karibu na Kendu Bay. Wakatoliki wakashika Asumbi. Wengine walipoona hawakubakiziwa kipande, wakachukua ngoma zao wakaanza ya kwao. Huyu anasali Jumamosi, yule Jumapili, yule anavua viatu mlangoni. Yesu ni yule yule."

"Na wewe mbona hukuhama?"

"Mtu hahami kwao kwa sababu amenyimwa kiti, nyakwara."

Nyakwara ni mjukuu. Dani alilitumia neno hilo alipotaka maswali yaishe.

Babu Odhiambo alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya hapo, na mke wake wa kwanza alitangulia. Kwa sheria ya kanisa, Dani sasa alikuwa mjane tu kama wajane wengine. Angeweza kuungama na kurudi mezani. Lakini mwaka wa kwanza ulikuwa wa maombolezo, mwaka wa pili aliona haya, na mwaka wa tatu miguu ilivimba ikakataa kiatu. Kufikia Agosti hakuweza hata kufika langoni.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, Dani aliomba karatasi ya daftari na kalamu. Aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Juu kabisa aliweka tarehe, kama masista walivyomfundisha. Akaikunja barua mara nne.

"Mpelekee Japuonj. Mkononi mwake, si kwa mkewe, si kwa mtoto. Halafu urudi uniambie amesema nini."

"Si tumpigie simu tu, Dani? Nina salio kidogo."

"Simu? Niungame katikati, salio liishe, Mungu abaki na nusu ya dhambi?" Dani alimsukuma begani. "Nenda. Dakika ishirini tu. Usisimame njiani."

Valary alisimama njiani.

Wasabato walikuwa na makambi yao ya kila mwaka kwenye uwanja wa shule ya msingi, karibu na kijito. Walitandaza mahema, watu wakatoka vijiji vya mbali, na kwaya ziliimba mchana kutwa. Rafiki yake Joyline alimwona akipita.

"Wewe! Njoo, watoto wanaimba sasa. Wametubakizia nafasi moja upande wa sauti ya kwanza."

"Nimetumwa."

"Kwani unatumwa uokoe nchi? Wimbo mmoja tu, uende."

Wimbo mmoja ukawa mitatu. Baada ya nyimbo kukawa na wali na maharagwe. Baada ya wali mvua ikanyesha, na Valary akakaa hemani akicheka na wenzake mpaka jua likainama. Alipokumbuka barua, ilikuwa imelowa mfukoni na wino umeanza kutambaa. Kijito nacho kilikuwa kimejaa. Akageuka, akarudi nyumbani.

"Umemwona?" Dani aliuliza kabla hajakanyaga kizingiti.

Valary angeweza kusema hapana. Angetukanwa kidogo, pengine angelala bila maziwa, na asubuhi angekwenda. Lakini aliutazama uso wa Dani jinsi ulivyomngoja, akaona hapana ni neno zito. Akachagua jepesi.

"Nimemwona. Amesema atakuja na padre Alhamisi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Kesho yake alitaka kuipeleka barua. Kweli alitaka. Lakini barua ilikuwa na tarehe. Japuonj angeuliza, "Hii ni ya jana, ilikuwa wapi?" Tena angekuja siku nyingine, si Alhamisi, na Dani angejua. Jumatatu woga ukawa mkubwa zaidi, na Jumanne zaidi ya Jumatatu. Mwishowe aliificha barua ndani ya atlasi yake ya shule, kati ya kurasa za Afrika Kusini, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta kitu.

Jumatano Dani alimwambia akandike sakafu. Valary alichanganya kinyesi cha ng'ombe na udongo mwekundu, akapiga magoti, akaikandika nyumba nzima kwa viganja, kutoka ukutani hadi mlangoni. Mgeni alikuwa anaandaliwa njia, na katika boma lote ni yeye peke yake aliyejua kwamba mgeni haji.

"Pale kwenye kona umeruka," Dani alisema. "Unataka padre akanyage vumbi?"

Valary akarudi akaikandika na ile kona.

Alhamisi Dani aliketi kwenye kiti chake tangu asubuhi, kitambaa cheupe kichwani. Mbele yake palikuwa na meza ndogo yenye mshumaa, msalaba na kikombe cha maji. Hakutaka chai, maana anayesubiri Komunyo hafungui kinywa kwa chakula. Saa sita ikapita. Saa tisa ikapita. Ng'ombe wakarudi. Dani akauzima mshumaa kwa vidole.

"Labda pikipiki ya padre imeharibika," Valary alisema. "Japuonj alisema ikiharibika watakuja Jumanne."

Huo ulikuwa wa pili.

Jumanne nayo Dani aliketi, mshumaa ukawaka, ukaisha. Valary alijaribu kumwambia wampigie Japuonj simu basi. Dani akatikisa kichwa. "Nimeomba mara moja, kwa mkono wangu. Sitaomba mara mbili." Akaivua rozari shingoni na kuitundika kwenye msumari. Picha ya Maria iliyokuwa ukutani aliigeuza, uso ukatazama ukuta.

"Wamenikataa tena," alisema. Hakulia. Ni afadhali angelia.

Siku nne baadaye, saa nne asubuhi, Valary alimpelekea uji na kumkuta amekufa, uso wake nao umeelekea ukutani.

Watu walikuja. Linet, mama yake Valary, alikuja kutoka Migori akilia tangu barabarani. Mwili ulipelekwa mochari Homa Bay, hema likasimamishwa, na familia ikaketi kupanga mazishi. Hapo ndipo kidonda kilipotoneshwa. Baba Mkubwa Walter, mzee wa kanisa kwa Wasabato, alisimama na Biblia yake kwapani.

"Mama atazikwa na mchungaji wangu. Mnajua kwa nini? Aliniambia mwenyewe: alimwandikia Japuonj barua amlete padre. Akamngoja siku mbili kwenye kiti bila hata chai. Hakuja! Kanisa lililomweka mlangoni maisha yake yote, sasa limemkataa hata akifa. Padre haingii hapa."

"Afadhali wa Roho wenye ngoma," Shangazi Priscah alisema. "Sisi hatumwachi mgonjwa. Tungemwombea mpaka asubuhi."

"Priscah, hata wewe na ngoma zako ngoja."

Wakati huo Katekista Nicholas alikuwa anaingia langoni akiisukuma baiskeli, na nyuma yake wanawake wanne wa jumuiya ya kigango na kuni vichwani. Walter hakumwacha hata aegemeze baiskeli.

"Japuonj! Umefuata nini? Umekuja kuhakikisha amekufa?"

"Nimekuja kulia na nyinyi, Walter."

"Mama yangu alikuandikia barua. Ulifanya nini nayo? Ulifungia sukari?"

Mzee alisimama. "Barua gani? Mimi sikupata barua."

"Mwongo! Mtoto huyu aliileta mkononi mwako." Walter alimshika Valary bega akamvuta katikati ya watu. "Valary, sema. Ulimpa au hukumpa?"

Macho yote yalimgeukia. Mama yake alikuwa anamtazama. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanamtazama. Japuonj naye alimtazama, lakini si kwa hasira. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu Baba Yetu, na alingoja tu aseme.

"Nilimpa," Valary alisema.

Wa tatu.

Minong'ono ikapanda hemani. "Mzee mzima!" mmoja alisema. "Amekula hata barua ya maiti." Mwingine akasema padre ataambiwa, na mtu kama huyo hafai kushika hata ufunguo wa kanisa. Japuonj akaigeuza baiskeli yake akatoka, mgongo umepinda. Wale wanawake waliweka kuni chini wakamfuata, na hapakuwa na aliyewaambia asante.

Alasiri hiyo Shangazi Priscah alimwita Valary wachague nguo za kumzika Dani. Walilifungua sanduku la bati. Chini ya mablanketi palikuwa na kifurushi cha gazeti, kimefungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na gauni jeupe, jipya, lenye mikono mirefu, bado lina alama za chaki ya fundi.

"Hili la nini?" Priscah alishangaa. "Mama alishona lini gauni? Tena jeupe, na mimi nilimbembeleza miaka avae kanzu yetu akakataa."

Valary alilijua. Ni yeye aliyelichukua kwa fundi Mosoti sokoni Rangwe mwezi wa Julai, likiwa limefungwa hivyo hivyo, na Dani akamkataza asifungue. Sasa alielewa. Halikuwa gauni la kufia. Lilikuwa la kwenda mbele, na safari hii halikuwa la kuazima.

Alimwachia shangazi gauni mikononi. Kisha akafungua atlasi, akaitoa barua, na kutoka langoni bila kuaga. Alipita uwanja wa shule, mtupu sasa, nyasi zikiwa zimekufa mahali mahema yaliposimama. Akavuka kijito. Maji yalimfika kwenye vifundo tu. Alipofika kwa Katekista Nicholas hakuwa hata amechoka. Dakika ishirini, kama Dani alivyosema.

Mzee alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe. Valary alipiga magoti akampa barua kwa mikono miwili, kisha akamwambia yote, tangu wimbo wa kwanza hadi uongo wa tatu.

Japuonj aliisoma barua mara mbili. Hakumshika kichwa, hakumwambia usijali.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua, Japuonj."

"Hujui. Ulinichafua mimi, hilo ni dogo, nitafuliwa. Lakini mwanamke huyu alikufa akiamini Mungu amemfungia mlango. Na mlango ulikuwa wazi. Padre alikuwa hapo kwenye kigango Alhamisi ile ile. Tulikuwa tunatengeneza paa. Ningemwambia, tungefika kwake kabla ya chai."

Valary alianza kulia kwa sauti. Mzee alimngoja amalize, akichambua maharagwe yake, kisha akasimama.

"Jifute. Huu uongo hukuusema kwangu peke yangu. Ulipoutupia ndipo utakapouokota."

Walikuta watu bado wako hemani. Valary alisimama pale pale aliposimamishwa asubuhi. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini alisema. Alisema kuhusu makambi, mvua, atlasi na sakafu. Alipofika kwenye sakafu, mama yake alijifunika uso kwa leso. Walter aliinua mkono kama anayetaka kumpiga, ukabaki hewani. Japuonj akaweka barua ndani ya mkono huo.

"Soma, Walter. Ni ya mama yako."

Walter alisoma kwa sauti nene ya mahubiri, lakini haikudumu.

"Japuonj. Ni mimi Phelesia. Nimekaa nyuma miaka arobaini na sita. Sikukasirika na Mungu, niliona haya tu. Sasa mzee amekwenda na mimi ni mjane, nataka kuja mbele. Miguu imekataa. Mwambieni padre aje. Nimeshona nguo. Walter na Priscah wasigombane, kila mtu na kanisa lake, lakini mimi mnizike na watu wangu..."

Hakumaliza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaweka barua usoni, na mtu mzima huyo akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Baada ya muda alisimama, akamwendea Japuonj.

"Nilikuita mwongo," alisema.

"Uliniita."

"Nisamehe."

"Tumzike mama yako kwanza."

Padre alikuja kesho yake. Alikuwa kijana, na aliisoma barua yote. Alisema kwamba aliyetaka kwa moyo wote na akazuiwa na mwingine, Mungu hamhesabii kama aliyekataa. Maneno hayo yalikuwa mema. Lakini Dani hakuyasikia, na Valary alijua hivyo.

Dani alizikwa Ijumaa ili Sabato ya Walter isiguswe. Kwaya ya makambi iliimba, Joyline akiwemo. Watu wa Roho walipiga ngoma zao nje ya lango, polepole, Priscah akiwa mbele yao. Kabla ya hapo mwili ulipitishwa kigangoni kwa Misa. Walter na wenzake watano walilibeba jeneza. Walipoingia, kwa mazoea ya watu wa hapo, wawili walipunguza mwendo karibu na benchi la nyuma. Japuonj akawaonyesha kwa mkono, endeleeni. Wakampitisha katikati ya watu wote mpaka mbele kabisa, miguuni pa altare, akiwa ndani ya gauni lake jeupe.

Valary alibaki kwenye lile benchi peke yake. Watu walipopanga foleni ya Komunyo, hakupanga. Hakuna aliyemkataza. Alivitazama viatu vyake mpaka foleni ikaisha.

Baada ya mazishi Japuonj alimwita kando, pale alipoegemeza baiskeli.

"Mbona hukwenda mbele?"

"Sistahili."

"Petro alimkana Bwana mara tatu, na baadaye akapewa kondoo achunge. Lakini hakupewa kabla hajalia, na hakuambiwa kwamba halikuwa kosa. Mimi pia sikuambii hivyo. Jumamosi utaungama. Jumapili utakwenda mbele, kwa sababu yeye alitaka kwenda na hakuweza."

"Ndiyo, Japuonj."

"Na sikiliza vizuri, mtoto wangu, maana sitarudia. Watu wanasema uongo mdogo hauna madhara. Uongo hauna udogo. Wako ulianza na sahani ya wali ukaishia kaburini. Ungesema ukweli siku ya kwanza, ungegharimu matusi mawili. Siku ya tano ungegharimu aibu. Leo umegharimu kitu ambacho mimi na wewe na padre na makanisa yote ya nchi hii hatuwezi kulipa. Ukweli ukichelewa bado ni ukweli, ndiyo maana nimekusikiliza. Lakini haufufui mtu."

Kisha akafungua mkoba wa ngozi uliokuwa kwenye baiskeli, akatoa daftari jembamba lenye majina.

"Hawa ni wagonjwa wa kigango, saba. Mimi macho yanafifia. Kila Jumamosi utawapitia, uulize nani anamtaka padre, uniletee jibu siku ile ile. Mkononi mwangu."

"Wataniamini?"

"Hapana," Japuonj alisema, akipanda baiskeli yake. "Si sasa hivi. Utatembea mpaka wakuamini."

Jumamosi iliyofuata Valary alifagia, akateka maji, akafunga mlango wa nyumba ambayo sakafu yake bado ilikuwa na alama za viganja vyake. Uwanjani wenzake walikuwa wanacheza. Joyline alimwita, "Wewe, Valary! Dakika moja tu!"

Alimpungia mkono, akapita.